Samaki wa Birika: Kufuga Viumbe wa Maji ya Karibu katika Visiwa vya Lamu

Ufugaji wa samaki majumbani huzungumzwa kana kwamba ni burudani iliyotujia pamoja na vioo na pampu za umeme. Katika visiwa vya Lamu dai hilo halisimami. Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, chooni palijengwa birika la maji ya kuoga na kutawadha, na humo vikaachiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya mabirika fundi alizamisha bakuli la kaure la Kichina kwenye sakafu, ili maji yanapopungua au birika linaposuguliwa, visamaki vibaki na mahali pa kujihifadhi. Aliyebuni bakuli lile alikuwa ameshayafikiria maisha ya samaki wake hata siku ya maji haba. Huo ni ufugaji kamili, na nashikilia kwamba unatupa kipimo bora cha kuamua samaki gani wa porini aingizwe nyumbani na yupi aachwe alipo.

Siyu ni mahali pazuri pa kulipimia suala hili. Mji huu wa kisiwa cha Pate ulijulikana kwa mafundi wa ngozi na mbao na kwa wanakili wa misahafu kuliko kwa wavuvi. Ngome yake inatazama mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambao maji yakitoka hubaki tope na vyombo haviwezi kupita. Pate haina mto. Maji baridi hutoka visimani, na mengi ya visima hivyo yana chumvi, au huvunwa mvua inaponyesha na kuwekwa kwenye jabia, matangi na mitungi. Panapohifadhiwa maji kwa miezi, mbu hupata makao, na hapo samaki wa birika hageuki pambo, ana kazi.

Kazi hiyo ilionekana umuhimu wake mwaka 2004, chikungunya ilipozuka Lamu. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya wakazi wa mji waliambukizwa, na kutoka pwani hii ugonjwa ukaendelea hadi Ngazija na Réunion. Ulikuwa wakati wa ukame. Watafiti walihusisha mlipuko huo na maji ya akiba majumbani, ambayo watu hawakuweza kuyamwaga mara kwa mara kwa kuwa hawakujua mengine yatapatikana lini. Mbu wa Aedes aegypti hutaga katika vyombo hivyohivyo. Tusiwalaumu wenye mitungi: kumwambia mtu wa Siyu amwage maji kila wiki ni kumwambia abaki na kiu. Njia inayomfaa ni ile inayomwachia maji yake na kumwondolea viluwiluwi, na babu zake waliijua.

Jirani zetu wa kaskazini waliipima kitaalamu. Katika miaka ya 1980, kaskazini ya Somalia, perege wa aina ya Oreochromis spilurus waliachiwa katika mabirika ya kuhifadhia mvua, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua sana. Perege huyu ni wa asili katika mito ya pwani ya Kenya. Anastahimili chumvi kiasi kwamba katika nchi za Ghuba amefugwa hata katika maji ya bahari, kwa hiyo kisima chenye chumvi hakimtishi.

Hapa ndipo neno asili linapohitaji kushughulikiwa kwa uangalifu. Kampeni nyingi za kupambana na mbu duniani zilitumia Gambusia, samaki mdogo wa Amerika Kaskazini, kwa kuwa alikuwa rahisi kupatikana. Akitoroka kwenye dimbwi au kijito, huyatafuna mapezi ya samaki wenyeji na kula mayai yao, na leo yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani iliyotungwa chini ya IUCN. Lakini yumo pia sangara, naye ni mwenyeji wa Ziwa Turkana! Alipoingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aliwafyeka samaki ambao hawakuwa wamezoea mwindaji wa namna yake. Uwenyeji, basi, haupimwi kwa mpaka wa nchi. Unapimwa kwa bonde la maji. Samaki wa mto Tana atakayeletwa Pate ni mgeni vilevile, ila hatari yake inapungua kwa sababu birika ni chombo kilichofungwa na kisiwa hakina mto wa kuvamiwa. Sharti langu ni kwamba aishie birikani, asimwagwe katika madimbwi ya masika wala kuhamishiwa kisiwa kingine.

Wapenzi wa matangi ya kioo watasema kwamba wao wanatafuta uzuri, wala hawajali mbu. Ni haja halali, lakini ndiyo inayotupeleka kwenye miamba, kwa kitatange na wenzake, na hapo ninakataa. Baadhi ya aina za kitatange hula nyama ya matumbawe hai tu. Nyumbani huletewa kila chakula na bado hukonda hadi kufa mbele ya mwenyewe, ambaye hudhani samaki anaugua. Samaki wadogo wanaoishi ndani ya anemoni huishi kwa daraja: mkubwa wa kundi ni jike, anayemfuata ni dume, na jike akiondolewa dume hubadilika kuwa jike. Mkusanyaji anayemchukua mkubwa kwa kuwa anavutia zaidi amesimamisha uzazi wa familia nzima kwa muda. Miamba ya Kiunga, kaskazini mwa visiwa hivi, ilipauka pamoja na mingine ya Kenya katika joto la 1998. Ingawa hifadhi ya bahari ilitangazwa huko mwaka 1979, tangazo halipunguzi joto la maji. Sioni sababu ya kuiongezea mzigo kwa ajili ya sebule.

Wapo pia wanaoona mkono wa bahari wa Siyu kama ghala lililo mlangoni: chini ya mizizi ya mikoko wamejaa samaki wadogo wanaostahimili joto na mabadiliko ya chumvi. Ni kweli ni wagumu. Lakini wengi wao ni watoto wa mkizi, tafi na wengineo, waliojificha hapo kwa muda kabla ya kwenda majini kwa wavuvi wa Faza na Kizingitini. Ukimfungia mmoja wao kwenye tangi, atalizidi upesi. Zaidi ya hayo, mikoko humpa maji mapya mara mbili kwa siku bila gharama. Tangi hutegemea bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitraiti kisha nitrati, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea. Samaki wengi wa porini hufa katika wiki hizo za mwanzo, na lawama huangukia udhaifu wao.

Anayetaka uzuri kutoka maji yetu amtazame Nothobranchius. Aina za jenasi hii huishi katika madimbwi ya mvua: N. guentheri wa Unguja alielezwa kisayansi mwaka 1893, N. jubbi wa pwani ya kaskazini mwa Kenya mwaka 1979. Madume yana rangi zinazoshindana na za miambani. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hubaki topeni yakingoja mvua nyingine. Mfugaji huweza kuyatunza katika udongo wenye unyevu, akayatia maji na kuangua kizazi kipya bila kurudi dimbwini kuchota zaidi. Jozi chache zinatosha. Kwa kuwa madimbwi haya hufukiwa kwa ujenzi na mashamba, wafugaji waangalifu wanaweza kuhifadhi ukoo ambao dimbwi lake limetoweka. Kwa birika la mbu hafai sana, kwa kuwa maisha yake ni ya miezi. Kwa tangi la shule au la nyumbani ni hazina.

Maafisa wa afya hupinga kwamba samaki huchafua maji. Pingamizi hili lina nguvu kwa maji ya kunywa, na nyumba ya zamani ililijua: birika la samaki lilikuwa la kuoga na kutawadha, na ya kunywa yalikaa mtungini. Mgawanyo huo urudishwe. Matangi ya plastiki ya kunywea yafunikwe kwa wavu madhubuti. Samaki wapewe mapipa na mabirika ya matumizi, wachache kwa kila chombo, wasilishwe mabaki ya wali, maana aliyeshiba hatafuti viluwiluwi. Kisha mafundi wa Siyu waombwe kujenga katika kila birika jipya la saruji shimo dogo la chini, kiasi cha bakuli, kwa siku ya kusafisha.