Mwembe wa Ujiji na Shina Lililovunjika

Ndugu msomaji, ni nadra nyumba zetu za pwani kukosa kopo la mrehani barazani au mche wa mwasmini uani. Aghlabu mtoto hupita kwa mbio, au mbuzi hukanyaga, shina likavunjika, nasi tukaling'oa na kulitupa jaani. Kabla hujatupa, zisikilize habari za mwembe mmoja wa Ujiji.

Mwembe si mti wa asili wa Ziwa Tanganyika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Ukavuka bahari ukafika pwani yetu, kisha ukaingia bara pamoja na watu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858, Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuwatangulia. Hao walipojenga nyumba walipanda na miembe, kama walivyozoea kwao, na hata leo njia ile ya kale hutambulika kwa miembe yake. Wala tusiufiche ukweli: njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na wanadamu wenzetu waliofungwa minyororo. Kivuli kimoja kilimfunika mwenye mali na aliyeuzwa.

Chini ya mwembe mmojawapo, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, amerudi mgonjwa kutoka Manyema, na bidhaa alizoletewa Ujiji zimekwisha kuuzwa. Jiwe la ukumbusho lataja tarehe 10 Novemba, ingawa wanahistoria hubishana juu ya siku yenyewe, kwa sababu wasafiri wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku. Livingstone alifariki mwaka 1873. Mwembe nao ukazeeka, ukafa. Lakini wenye kupatunza mahali hapo hueleza kwamba vikonyo vilikatwa katika mti ule ungali hai, vikapandikizwa, na ndiyo asili ya miembe miwili iliyosimama hapo baadaye.

Je, kwa nini hawakupanda kokwa tu? Kwa sababu mara nyingi kokwa huota mti mwenye tabia zake mwenyewe, kama mtoto asivyokuwa sawasawa na mamaye. Kikonyo ni mti ule ule unaoendelea kuishi juu ya mizizi mingine. Mkulima huotesha mche kwa kokwa, akaukata kichwa na kulipasua shina kidogo. Hukata kikonyo chenye unene uliolingana na shina hilo, akakichonga kama kabari, akakitia katika mpasuko na kufunga barabara. Siri yote imo chini ya gome: hapo pana utando mwembamba wenye maji, nao ndio unaokua. Utando ukigusana na utando, hushikana. Ukikauka, hata ufunge kwa ustadi gani, hakuna kitakachoungana.

Na shina lako la uani lina kanuni hiyo hiyo. Likiwa limevunjika lakini bado limeshikwa na gome, liwahi saa ile ile. Lisimamishe taratibu mpaka kidonda kikutane na kidonda, lifunge mabanzi mawili ya vijiti kama ufungavyo mfupa, kisha lizungushie kitambaa laini au ukamba wa mgomba. Punguza majani, uliweke kivulini, ulinyweshe kwa kiasi. Usilifungue kila siku kulitazama. Liache wiki kadhaa. Shina likianza kunenepa legeza kamba, maana kamba iliyoponya huweza pia kunyonga. Na kama tawi limekatika kabisa, mrehani na mwasmini huweza kutoa mizizi ukilichomeka tawi katika udongo wenye unyevu. Mwembe ni mgumu kuota hivyo, ndiyo maana hupandikizwa.

Sasa tazama jambo moja, ndugu yangu. Jiwe la Ujiji limeyahifadhi majina ya wageni wawili waliokutana kivulini. Aliyeitia kokwa ile ardhini hakuandikwa popote. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Basi hesabu ya mpandaji yule haikupotea, hata jina lake likipotea kwetu.

Tuliloachiwa sisi ni kukata kikonyo kabla mti haujakauka. Ziko koo za pwani zenye ndugu zao Tabora na Ujiji, waliotenganishwa na safari za mababu, na wengine katika ujamaa huo ni wajukuu wa waliofungwa minyororo. Wanaozijua nasaba hizo ni wazee wachache. Mzee akiondoka hajaulizwa, hakuna kamba itakayounga tena. Muulize leo, andika asemayo, peleka salamu kwa jamaa uliokatana nao. Gome bado limeshika, usingoje likauke.