Msitu wa Mgori: Mali Isiyo na Mwenyewe Ilipopata Wenyewe

Ndugu zetu wana Singida,

Ukimuuliza mzee wa kwetu kwa nini mvua siku hizi inachelewa, hataanza na habari za hewa ya ukaa. Atakuuliza: ardhi inatunzwa na nani? Historia yetu inaonyesha kuwa swali hilo ni la msingi.

Kule Kirumi, Ihanzu, katika Wilaya ya Mkalama ya leo, mvua ilikuwa na wasimamizi wawili wa ukoo wa Anyampanda, mwanamume na mwanamke. Mmoja hakuweza kuiita bila mwenzake. Hata utawala wa machifu ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, matambiko hayo hayakukoma. Uyaamini au usiyaamini, jambo moja li wazi: mvua na ardhi vilikuwa na watu wa kuulizwa.

Msitu wa Mgori ulifika mahali ukawakosa watu hao. Miombo ile ya hekta zipatazo 44,000 ilihesabiwa kuwa ya serikali, na sote tunajua mali ya serikali ilivyochukuliwa: haina mwenyewe. Mashamba yakaingia, mbao zikatoka. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kuufanya hifadhi ya serikali, lakini walinzi hawakutosha. Ndipo ulinzi ukakabidhiwa vijiji vitano vinavyouzunguka: Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikatunga sheria zake na kuchagua vijana wa kuilinda. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ikawa mfano, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa njia hiyo nguvu nchi nzima.

Sisi wa mahesabu tunasema mtaji hauliwi. Msitu ni mtaji. Asali, uyoga, dawa na kuni za matawi makavu ndiyo faida. Wazee hawakuandika leja, lakini hilo walilijua.

Leja hiyo ina upande wa pili unaotuuma. Walinzi wa misitu wako kijijini. Wanunuzi wa mkaa tuko mjini. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki Dar es Salaam na Dodoma tumepikia mkaa miaka yote bila kuuliza ulichomwa wapi. Hatuna haki ya kumlaumu ndugu anayekata mti mwaka wa njaa, ilhali gunia linaishia jikoni kwetu.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu tusiuhesabu kuwa msaada kwa kijiji. Ni deni tunalipunguza. Fedha zitanunua mabuti na baiskeli za walinzi, na mizinga ya nyuki kwa vikundi vya akina mama. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mkutano ujao mbele ya wote, kama ilivyo kawaida yetu.

Siku hiyo mzee akituuliza ardhi inatunzwa na nani, nasi tuwe na la kujibu. Karibuni tuchangie.