Ubingwa Usiopangwa: Aston Martin, 1959

Mwishoni mwa mwaka 1946 gazeti la The Times la London lilichapisha tangazo dogo: biashara ya magari ya hali ya juu inauzwa. Jina halikutajwa. Aliyelijibu alikuwa David Brown, mwenye viwanda kutoka Yorkshire, ambaye familia yake ilitengeneza gia na yeye akaongeza matrekta. Biashara yenyewe ilikuwa Aston Martin, yenye sifa kubwa na mfuko mtupu. Mwaka 1947 aliinunua kwa pauni 20,500, na kabla mwaka haujaisha akanunua pia Lagonda, hasa kwa sababu ya injini yake ya silinda sita.

Tajiri huyo wa matrekta alikuwa na kiu moja: kushinda mbio za magari za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Alianza kupeleka magari huko 1949. Mwaka 1955 gari la Aston likamaliza la pili. Mwaka 1956, la pili tena. Mwaka 1958, la pili kwa mara ya tatu. Mtu mwingine angeona amelogwa.

Anayetaka kufuata nyayo za msimu wa 1959 itambidi aanzie Feltham, magharibi mwa London, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow wa leo. Huko ndiko lilikozaliwa gari liitwalo DBR1, kazi ya mhandisi Ted Cutting. Yalitengenezwa matano tu. Injini ilikuwa ya lita tatu, kwa kuwa tangu 1958 kanuni za ubingwa wa dunia hazikuruhusu zaidi ya hapo, na nguvu zake zilikuwa kama farasi 250. Ferrari yenye silinda kumi na mbili ililipita kwenye njia iliyonyooka. DBR1 lilijibu kwenye kona na kwa breki zake. Kilichowatesa madereva ni giaboksi, nzito na kaidi, tena iliyotoka kwa mfanyabiashara wa gia mwenyewe.

Sisi tuliolelewa na Safari Rally tumezoea magari kuondoka moja baada ya jingine, kila moja likipambana na saa yake. Mbio hizi za ustahimilivu ni tofauti: magari yote huondoka pamoja, huzunguka njia ileile kwa saa au kilomita zilizopangwa, na madereva hupokezana usukani.

Msimu wa 1959 wa ubingwa wa dunia wa mbio hizi ulikuwa na mashindano matano, na Aston Martin haikuwa na mpango wa kuwania ubingwa. Ililenga Le Mans. Gari moja lilipelekwa Sebring, Marekani, likaharibika katikati ya mashindano. Targa Florio ya Sicily hawakwenda kabisa, Porsche ikashinda.

Hata Nürburgring, Ujerumani, wasingekwenda kama si dereva wao Stirling Moss. Ndiye aliyewabana wakuu wa timu mpaka wakakubali kumwachia gari moja, na Jack Fairman awe mwenzake. Njia ile ya zaidi ya kilomita 22 ilipita katika misitu ya milima ya Eifel, na walitakiwa kuizunguka mara 44. Moss alianza kwa kasi ya kutisha, akajenga pengo kubwa, kisha akamkabidhi Fairman. Mvua ikanyesha. Katika kumkwepa dereva mwingine, Fairman alitumbukia mtaroni. Moss, akiona gari halitokei, alikwisha kata tamaa. Kumbe Fairman, mtu mwenye mwili wa nguvu, alikuwa ameweka mgongo kwenye gari na kulisukuma mpaka likarudi barabarani. Alipofika, Moss aliruka ndani na kuzifukuza Ferrari mpaka akazipita. Akampokeza tena Fairman apumzike kidogo, uongozi ukapotea, akaurudisha tena. Walishinda kwa pengo la chini ya dakika moja. Kwangu mimi, hapa ndipo msimu ulipogeuka, ingawa vitabu vingi hukimbilia Le Mans.

Njia ya Le Mans bado inatambulika leo. Sehemu yake ndefu iliyonyooka ni barabara ya kawaida ya umma, inayofungwa wakati wa mashindano tu. Jumamosi ya Juni 20, saa kumi alasiri, timu ya Aston iliondoka na magari matatu chini ya meneja Reg Parnell. Moss alikuwa chambo: aende mbio, Ferrari zimfuate, zichoke. Injini yake ilikufa mapema, lakini chambo kilikuwa kimekwisha mezwa. Ferrari ya Jean Behra na Dan Gurney ikaharibika. Ile ya Phil Hill na Olivier Gendebien iliongoza mpaka Jumapili karibu saa tano asubuhi, injini ikachemka, nayo ikatoka.

Walioachiwa uongozi walikuwa Roy Salvadori na Carroll Shelby, Mtexas aliyewahi kufuga kuku na aliyependa kuendesha akiwa na overoli ya mistari ya shambani. Shelby alikuwa anaharisha, na bado usukani ulimngoja. Walimaliza mizunguko 323, mmoja zaidi ya wenzao Maurice Trintignant na Paul Frère. La kwanza na la pili, yote ya Aston.

Hapo ndipo walipotazama jedwali: Ferrari pointi 18, Aston 16, Porsche haiko mbali, na limebaki shindano moja. Bila kukusudia, walikuwa ndani ya vita.

Shindano hilo la saa sita lilikuwa Goodwood, kusini mwa Uingereza, kwenye barabara iliyozunguka uwanja wa zamani wa ndege za kivita. Ni lami inayokula tairi, kwa hiyo Aston walifunga jeki za hewa ndani ya magari ili kubadilisha tairi haraka. Gari la Moss na Salvadori liliongoza. Salvadori alipoingia kwa mafundi, petroli ilimwagikia ekzosi ya moto, na gari na banda vikawaka. Aliruka nje, nguo zikiwaka, akajibiringisha kwenye nyasi. Graham Whitehead, aliyekuwa na DBR1 lake binafsi, alilitoa mashindanoni ili timu ipate banda lake. Ni tendo ambalo halihesabiwi kwenye jedwali lolote. Moss akahamishiwa gari la Shelby na Fairman, akalifikisha la kwanza. Porsche ikawa ya pili, Ferrari ya tatu.

Aston Martin ikawa kampuni ya kwanza ya Uingereza kuchukua ubingwa huo. Jaguar, iliyokuwa imeshinda Le Mans mara tano kufikia wakati huo, haikuwa imeupata.

Brown alikwisha pata alichokitaka, akaacha mbio za ustahimilivu mwaka huohuo. Fedha na nguvu zikahamia Formula One, ambako gari lake, DBR4, lilikuwa limepitwa na wakati: injini mbele, ilhali timu ya Cooper ilikwisha kuihamishia nyuma. Shelby alirudi Marekani akatengeneza Cobra, na mwaka 1966 timu yake ilikuwa nyuma ya ushindi wa Ford huko Le Mans. DBR1 lile aliloachiwa Moss kwa ajili ya Nürburgring liliuzwa mnadani California mwaka 2017, kwa dola 22,550,000.