Jina la Mkubwa, Jasho la Jeanne

Kuna kichaka chenye miiba kinachopanda kuta na mageti ya Nairobi, rangi zake zambarau, nyekundu au chungwa. Kama hukijui, chuma "ua" moja ulichungulie. Hizo rangi zote ni majani. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati, na mara nyingi huwa matatu pamoja. Hiyo ni bougainvillea.

Sasa hilo jina. Mwaka wa 1767 msafara wa Wafaransa wa kuzunguka dunia ulitia nanga Rio de Janeiro, Brazili. Kiongozi alikuwa Louis-Antoine de Bougainville, na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Commerson alikuwa anaugua mguu, kwa hivyo kazi ya kupanda vilima na kubeba mizigo ilimwangukia msaidizi wake, Jean. Kumbe Jean ni Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu meli za jeshi la Ufaransa hazikuruhusu wanawake.

Wapo wanahistoria wanaoamini ni yeye aliyelichuma tawi lile. Lakini ua likapewa jina la mkubwa.

Baret ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ilibidi mwaka wa 2012 ufike ndipo wanasayansi wakaupa mmea mmoja wa Ekuado na Peru jina Solanum baretiae. Ni wa ukoo mmoja na managu yetu.

Ukipita kwenye ile ua ya jirani, mtaje pia Jeanne.