Ardhi ikichoka, nani anaulizwa?

Leo naandika juu ya udongo. Najua kuna watakaosema udongo si historia. Subirini kidogo.

Hapa Rubona, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, mvua kubwa ikipiga milimani tunaona mto Sebeya unaingia Ziwa Kivu na rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni mashamba na malisho ya watu wa huko juu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na Sebeya ulibomoa nyumba nyingi hapa Rubavu. Ukiuliza milima ilivuliwa nguo na nani, jibu moja linakuja haraka: eti ni wakimbizi, ndio waliomaliza msitu wa Gishwati.

Jibu hilo ni kweli nusu. Miaka ya 1970 Gishwati ilikuwa na hekta kama 28,000. Miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa ya msitu kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Baada ya 1994 ndipo walipoingia watu waliorudi kutoka uhamishoni, wengine na ng'ombe wao kutoka Kongo. Walihitaji pa kulima na pa kuchungia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili ulibaki hekta kama 600 tu. Yaani panga la mkimbizi lilikuta kazi imeshaanzwa, na ilianzwa kwenye karatasi za ofisini.

Ndiyo maana nauliza: anayepima ardhi anamuuliza nani? Gishwati ni nchi ya mvua. Swali hili lilijaribiwa zaidi kwenye malisho makavu, ambako nyasi zikiisha zinaweza kukaa miaka bila kurudi. Twende Tanzania, tuangalie sehemu mbili.

Ya kwanza ni Kondoa, mkoa wa Dodoma. Makorongo yalikuwa yamekula vilima, na mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama kama 90,000 wakatolewa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Tusidanganyane, ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, na miti pia. Lakini familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao, na mifugo ikaenda kubanana kwenye malisho ya watu wengine. Tatizo lilihama pamoja na ng'ombe.

Ya pili ni Shinyanga. Huko misitu ilikatwa tangu wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, baadaye ikaja pamba. Wasukuma walikuwa na desturi yao inaitwa ngitili: mvua zikianza wanafunga sehemu ya malisho, nyasi zinasimama, halafu kiangazi wanaifungua kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Mradi wa HASHI ulipoanza 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600. Wataalamu wakakaa na wanavijiji, wakauliza miti gani wanaitaka, nyasi gani zimepotea, zamani walilindaje malisho. Kumbe jibu lilikuwepo. Mikutano ya jadi ya kijiji ikaweka sheria na faini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 350,000. Haikuwa pepo: wenye ardhi kubwa walifaidika kuliko maskini. Lakini hakuna aliyefukuzwa na ng'ombe wake ili nyasi ziote.

Tofauti ya sehemu hizi mbili ilianzia kwenye kupima. Kuanzia 2010 FAO iliendesha mradi kwenye bonde la mto Kagera, katika Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania, ukitumia njia ya kupima pamoja na wakulima na wafugaji. Njia yenyewe haina uchawi. Kwanza watu wanakaa, wanachora ramani ya eneo lao na kusimulia: chemchemi ile ilikauka lini, nyasi ipi haionekani tena. Kisha wanatembea pamoja kutoka kilimani mpaka bondeni, wakiangalia mizizi iliyobaki nje na vijito vipya vya mmomonyoko. Wanachimba kwa sepetu, wanaangusha bonge la udongo waone linavyovunjika, wanahesabu nyungunyungu. Mwisho wanaingia nyumba kwa nyumba, kwa wenye ng'ombe wengi na kwa wasio na hata mbuzi.

Kwa nini kujisumbua hivyo wakati kuna picha za setilaiti? Kwa sababu picha inaonyesha kijani, na kijani kinadanganya. Vichaka vya miiba vikifunika malisho, kutoka juu panaonekana pamepona. Mfugaji anajua hapo ng'ombe hapati kitu. Vilevile pakiwa peupe, yeye ndiye anayejua kama ni ukame wa mwaka huu tu, au nyasi zenyewe zimeng'oka mizizi.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Ripoti ikisema ardhi inayozunguka kambi imeharibika, inaweza kuamua nani ahame, nani akatazwe kuni, mbuzi wa nani wauzwe. Mara nyingi tunaonekana humo kama sababu, mara chache kama mashahidi. Ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, kabla ya kujaza fomu tembeeni kilima kizima na mama anayeokota kuni na mwenyeji anayechunga hapo. Na sisi vijana, wazee wetu wengi walichunga Masisi na Rutshuru. Wanajua majina ya nyasi ambazo sisi hatuzijui. Tuwaulize majina hayo, tuyaandike, na siku ya kupima ikifika tuwe na daftari mkononi.