Sababu za Mtambo Kutotulia Motokaa Isimamapo

Motokaa kuukuu isimamapo, na mtambo wake ungali ukiwaka, mara nyingi husikiwa sauti yake ikipanda na kushuka. Hutetemeka kama mgonjwa wa homa, kisha huzimika. Mafundi wa Tanzania husema motokaa hiyo haina sailensi. Wengi hudhani ni uzee tu. Na fundi mwenye haraka hugeuza skrubu mpaka mtambo uzunguke upesi zaidi, akapokea fedha zake, akaenda zake. Lakini ugonjwa huu una historia, na aijuaye hupata kujua pa kuanzia kutafuta.

Carl Benz wa Ujerumani alipoiandikishia serikali motokaa yake mwaka 1886, petroli ilikaa katika chombo, na hewa ilipita juu yake ikichukua mvuke. Njia hiyo ilikuwa rahisi, walakini haikutegemeka. Sehemu nyepesi za petroli hupaa kwanza, zile nzito zikabaki. Basi mchanganyiko wa asubuhi si ule wa adhuhuri. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bibi Bertha, aliichukua motokaa pamoja na wanawe Eugen na Richard pasipo kumwarifu mumewe, akaenda kutoka Mannheim hata Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Njiani mrija wa petroli uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Tena waya wa cheche ulipoharibika, aliukinga kwa ukanda wa soksi. Matengenezo hayo mawili yaligusa mambo ambayo fundi hana budi kuyaangalia hata leo, yaani petroli na moto. La tatu ni hewa, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halionekani.

Mwaka 1893 Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli kwa jeti, yenye boya dogo la kushika kimo cha petroli kisibadilike. Motokaa ziendapo, kabureta ya namna hii hufanya kazi vizuri. Zisimamapo, kilango cha hewa hukaribia kufungwa, na hewa ipitayo penye jeti kubwa huwa dhaifu hata haiwezi kuvuta petroli. Ndipo watengenezaji wengi walipoongeza njia nyembamba ya pili, itokayo karibu na ukingo wa kilango, mahali mvuto wa silinda ulipo na nguvu. Jeti ya njia hiyo yaweza kuwa na tundu la nusu ya milimeta tu. Chembe ya uchafu iliyotoka katika tangi la zamani yatosha kuliziba, na motokaa ambayo barabarani haina neno huzimika kila ifikapo njia panda.

Kadhalika hewa ya wizi. Gasketi iliyo chini ya kabureta hupasuka, au mpira uendao kwenye breki hufanya ufa, au mhimili wa kilango hulika. Motokaa iendapo mbio, hewa hiyo ni kidogo ikilinganishwa na ile nyingi iingiayo kwa haki. Isimamapo, hewa ile ile ni sehemu kubwa ya pumzi yote. Fundi mwenye subira huibana mipira mmoja mmoja akisikiliza. Ule ambao ukibanwa sauti hutulia, ndio wenye kosa. Kabla ya vita vya pili vya dunia palikuwa tayari na saa za kupima mvuto huo. Pwani, mtambo mzima huonyesha inchi 17 hata 21 za zebaki, na sindano haichezi. Ikishuka kidogo kwa vipindi vilivyo sawa, shuku vali moja au plagi moja.

Yafaa pia kukumbuka nchi yenyewe. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyembamba. Kabureta iliyorekebishwa vema Mombasa hutoa huko petroli nyingi kupita kiasi, nao mtambo huguguna na kutoa moshi mweusi. Hapo hakuna kilichovunjika.

Ile skrubu ya fundi mwenye haraka huficha mambo haya yote. Tena kuna hatari: petroli isipopata hewa ya kutosha, moshi wake huzidi hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua mtu katika banda lililofungwa. Kwa ajili ya moshi huo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 magari mengi ya Marekani yaliwekewa vifuniko vya kuzuia skrubu za mchanganyiko zisigeuzwe ovyo.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mashine ya umeme ya kupimia petroli, ikatiwa katika Volkswagen 1600. Na baadaye kompyuta ilipewa kazi ya kuitunza hata sailensi, kwa vali ndogo ya hewa. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana vali hiyo, na adui yake ni masizi. Kwanza isafishwe, pamoja na kilango, kabla ya kununua mpya. Ikiisha kusafishwa, mtambo waweza kuzunguka upesi kwa muda, kwa kuwa kompyuta ilikwisha kuzoea uchafu, na yahitaji kujifunza upya.