Pole haitoshi: sheria ya 1888 na mtu anayeanguka kwako



Msimu wa mvua uliopita, hapa Bukavu, mama mmoja muuza maharage aliteleza mbele yetu ndani ya depo ya mbegu. Karo zilikuwa zimelowa tangu asubuhi, hakuna aliyezipanguza. Mkono ukavunjika. Mwenye depo akasema: «Pole mama, ni bahati mbaya», akamupa franga za pikipiki, basi. Mama hakulima msimu ule. Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si avoka, lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani: kweli ni bahati tu?

Jibu liliandikwa zamani. Tarehe 30 Julai 1888, wakati Kongo ilikuwa mikononi mwa mfalme Léopold II, ilitoka dekreti juu ya mikataba na madeni. Njo ile tunaita leo Kodi sivili, kitabu cha tatu. Kifungu cha 258 kinasema: mtu akimuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima airekebishe. Cha 259 kinaongeza uzembe. Cha 260: unajibu pia juu ya vitu unavyovichunga. Cha 262: mwenye jengo anajibu likibomoka juu ya kukosa matunzo ao juu ya kujengwa vibaya.

Maneno haya hayakuzaliwa kwetu. Yalitoka katika Kodi ya Napoléon ya 1804, yakapitia Ubelgiji. Na yalipofika hayakuletwa kwa ajili ya babu zetu: mambo ya wazungu yalikatwa kwa kodi, ya mwanakijiji mara nyingi kwa desturi.

Hata kule Ulaya, kile kipande cha «vitu unavyovichunga» kililala zaidi ya miaka 90. Watu wa sheria walikiona kama utangulizi tu wa vifungu vya wanyama na majengo. Mwaka 1896 njo koti kubwa ya Ufaransa ilikiamsha, katika kesi ya Teffaine: fundi alikufa juu ya mtambo wa mvuke wa mashua uliopasuka, na mwenye mashua akalazimishwa kulipa. Miaka 8 mbele ya pale, sentensi ile ile ilikuwa imekwisha kuandikwa kwetu. Mwaka 1904, koti kubwa ya Ubelgiji nayo ikaweka kipimo chake: kitu chenyewe kiwe na kasoro. Ukianguka kwenye sakafu kavu na nzima, ni shida kumushtaki mwenye nyumba. Lakini karo zenye maji tangu asubuhi, bila onyo, ao ngazi iliyovunjika ambayo kila mtu anaijua, hapo juji ana kitu cha kupima.

Wafaransa walibadilisha namba za vifungu hivi mwaka 2016. Wabelgiji wana kitabu kipya tangu tarehe 1 Januari 2025. Sisi tungali na ile ya 1888, na ingali inafanya kazi. Kwa hiyo sheria hatuikosi.

Tunachokosa ni kuitumia. Aliyeanguka lazima aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa lile. Si kila kuanguka kunalipwa. Njo maana inafaa kupiga picha ya sakafu mbele haijapanguzwa, kuandika majina ya walioona, na kutunza karatasi ya hopitali. Na wewe mwenye parsele, butike ao depo: kitambaa na ndoo ni bei rahisi kuliko mkono wa mtu.

Pole ni desturi yetu nzuri, tusiiache. Lakini pole haimulimii mama shamba. Siku ile pale depo tulikuwa watu wanne wenye lisansi. Wote tuliitika: «Ni bahati mbaya.»